Thumuni ya Bibi Yako

Ile ngalawa ya babu yako, mwanangu, ilipanda mwamba kwenye kusi ya 1993, miezi michache baada ya sisi kumzika mwenyewe. Baba yako mkubwa ndiye aliyekuwa usukanini. Tuliivuta mpaka chini ya mkungu pale Nungwi, tukailaza ubavu, na ufa ukaonekana wote, kuanzia karibu na omo hadi katikati ya tumbo. Ilikuwa gogo moja la mwembe, limechongwa kwa tezo mpaka likawa jepesi, na miaka yote ile limenyweshwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo ukiyanusa mara moja huyasahau. Jua la mchana likipiga, mtaa mzima ulijua tumeweka nini pale.

Fundi alikuja na nyundo ndogo, akawa anaigonga polepole na kusikiliza. Mtu wa uso mrefu, kope zimejaa unga wa mbao, hapendi maneno mengi. Ufa wenyewe, alisema, si kitu: utapigwa kiraka cha ubao, utiwe kalafati ya pamba na sifa, chini kupakwe shahamu na chokaa. Tatizo ni pale lilipoburutwa mchangani kila siku. Gogo limekonda, misumari haitashika. Kwa elfu ishirini na tano angeipa misimu miwili, labda. Mshahara wangu wa ualimu haukufika nusu ya hizo.

Siku hizo nyumba za wageni ndiyo kwanza zinachomoza ufukweni. Bara Mzee Mwinyi alikwisha kufungua milango, kwetu Dokta Salmin Amour alikuwa madarakani, na vyama vingi vilikuwa gumzo la kila baraza. Mwenye nyumba mmoja ya wageni akaja, kavaa kaptula, akaizunguka ngalawa mara mbili, akataja elfu arubaini na nane. Angeikata kati, nusu moja aisimamishe iwe kabati, atie rafu za chupa. Chupa za nini, sikumuuliza. Baba yako mkubwa alitema mate akaondoka zake. Na mimi, nisikufiche, damu ilinichemka.

Lakini ngalawa haikuwa yetu sisi wawili. Ilikuwa mali ya mirathi: bibi yako ana thumuni yake, kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Shangazi zako wawili walikuwa hawajaona hata senti. Nikashika kalamu. Bibi yako elfu sita, sisi wanaume elfu kumi na nne kila mmoja, shangazi zako elfu saba saba. Tukamwendea bibi yako tukitaraji atatuambia tuitengeneze, kwa heshima ya marehemu. Tulimkuta juu ya mbuzi anakuna nazi, wala hakusita. "Hiyo sifa nimeifua nguoni mwa baba yenu miaka arubaini," alisema. "Nipeni thumuni yangu."

Iliuzwa wiki ileile. Mnunuzi hakuzitaka ndubi wala miti yake. Baba yako mkubwa akazibeba begani, akachanganya fungu lake na deni la tajiri mmoja wa samaki, akaenda kununua ngalawa nyingine Mkokotoni, nyembamba na yenye mbio kuliko ile.