Mbulu na Hanang: Nchi ya wakimbiaji na somo kwa wazazi

Ukitoka Karatu kwenda Mbulu, barabara inapanda vilima na kushuka, na kadiri unavyosonga ndivyo baridi inavyozidi. Kando ya barabara kuna mashamba ya mahindi na maharage, ng'ombe wanaochungwa, na asubuhi, watoto wa shule waliovaa masweta. Wengine wanatembea, wengine wanakimbia. Hakuna aliyewapulizia filimbi. Shule iko mbali na kengele haisubiri mtu.

Nyanda hizi zilizo juu ya Bonde la Ufa ni makazi ya Wairaqw, pamoja na Wabarabaig upande wa Hanang na Wahadzabe wa Yaeda. Kwa zaidi ya nusu karne zimeipa Tanzania wakimbiaji ambao dunia inawakumbuka.

Anayekumbukwa zaidi hakushinda. John Stephen Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938, alikwenda Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 kukimbia marathoni. Njiani alianguka na kuumia goti vibaya. Wakimbiaji 75 walianza mbio zile na 18 hawakumaliza. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, baada ya saa 3 na dakika 25. Jua lilikuwa limezama na watazamaji wengi walikwishaondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Miaka sita baadaye ikawa zamu ya Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Februari 2, 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1979.

Ukiendelea kusini unafika Katesh, makao makuu ya Hanang, chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wengi walilisikia jina la Katesh Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka mlimani yalipoua makumi ya watu. Ila wapenzi wa riadha walilijua zamani kupitia Gidamis Shahanga. Kijana huyo wa Hanang alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, Kanada. Mwaka 1982 huko Brisbane, Australia, alishinda tena, safari hii mita 10,000.

Kwa nini huku? Sehemu ya jibu ni hewa. Kwenye miinuko hewa ni nyepesi, na mwili wa anayeishi huko hujizoesha kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi ili kubeba oksijeni. Sehemu nyingine ni maisha yenyewe: kuchunga mifugo, kuchota maji, kwenda shule kwa miguu. Halafu kuna michezo ya shule. Mtoto anaonekana kwenye UMITASHUMTA akiwa msingi, kisha UMISSETA akiwa sekondari, kutoka shuleni hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Miji midogo kama hii mara nyingi haina klabu kubwa, kwa hiyo mwalimu wa michezo ndiye klabu.

Hapo ndipo mzazi anapoingia, na ndipo hadithi ya Akhwari inapoweza kutumiwa vibaya. Mtoto wa miaka 12 anayechechemea hapaswi kuambiwa avumilie kama Akhwari. Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30, mwenye mifupa iliyokomaa na mazoezi ya miaka mingi. Mifupa ya mtoto bado inakua, na ncha zake zinazokua ni laini kuliko sehemu nyingine. Zikiumia na mtoto akaendelea kukimbia, madhara yanaweza kudumu.

Kukimbia kwenyewe ni afya. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mtoto anayekwenda shule kwa miguu huenda anazipata kabla ya kipindi cha kwanza. Dalili za kuangalia ni maumivu yasiyoisha baada ya siku chache za kupumzika, goti au kifundo kilichovimba, uchovu usioeleweka, na kwa binti, hedhi iliyokatika. Hizo ni za kupelekwa kituo cha afya, si za kukandwa na kurudishwa uwanjani kesho yake. Anayekimbia sana pia anahitaji kula zaidi: maziwa, maharage, mayai yakipatikana, na usingizi wa kutosha.

Na asiondolewe darasani kwa ahadi ya medali. Kwa kila Shahanga mmoja, wapo mamia waliokimbia vizuri na bado walihitaji cheti. Bayi mwenyewe, baada ya kustaafu mbio, alianzisha shule.

Wanaosimulia Mexico City mara nyingi huishia pale Akhwari alipovuka mstari. Lakini alirudi nyumbani, goti likapona, akaanza tena mazoezi. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Uskoti, alikimbia marathoni na kushika nafasi ya tano. Alipewa muda wa kupona, na mtoto naye anauhitaji.