Kazi ya Chupa

Muziki wa gitaa ulifika Kabazi pamoja na watu waliokuja kutafuta kazi na ardhi. Wadi yetu iko Subukia na imepakana na Solai, na zamani huku kote kulikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya Uhuru wazee wetu walijichanga katika vikundi vya kununua ardhi, wakagawana ekari, na katika mizigo yao wakaja na muziki wa mwomboko: kinanda cha kukunjua, na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayokwaruzwa kwa kijiti cha chuma. Guka wangu, yaani babu yangu, alikuwa mpigaji wa karing'aring'a. Nao Waluhya waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya kahawa na mkonge walikuja na gitaa la boksi na chupa ya Fanta. Mtoto aliyekulia huku miaka ya 1990, kama mimi, alijua mapema kwamba wimbo hauanzi mpaka apatikane mtu wa kuushikia mwendo kwa chuma au kwa kioo.

Rafiki yangu wa utotoni alikuwa mwana wa mfanyakazi wa shamba la kahawa, mzee aliyetoka Khwisero. Mzee huyo alipiga omutibo, gitaa kavu ya magharibi mwa Kenya, na kwake George Mukabi alikuwa mwanzo na mwisho wa jambo. Mukabi alifariki 1963, kabla mzee hajaoa, lakini alikuwa akimtaja kama jirani aliyetoka hapo jioni. Nilijifunza kwa kumtazama mikono. Kidole gumba kilishuka kwenye nyuzi nene kama kawaida, na kidole cha shahada pekee ndicho kilichocheza sauti ya juu. Vile vitatu vingine vilikunjwa tu. Ukiwasikiliza wachezaji wa wakati ule, hata Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville mwaka 1952, utadhani kuna magitaa mawili. Ni kidole gumba na cha shahada. Mzee alipotaka kupandisha ufunguo alifunga penseli shingoni mwa gitaa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akaendelea.

Chupa ilikuwa kazi ya mwanawe. Ilikuwa ile chupa ya zamani ya kioo, yenye mikunjo iliyoizunguka, na rafiki yangu aliikwaruza na kuigonga kwa msumari mnene. Sauti yake haikukatika. Ilikuwa mwendo mmoja unaotembea bila kupumua, mkwaruzo mrefu kisha mapigo mawili mafupi, na ndani ya mwendo huo gitaa liliweza kuchelewa, kuruka, kurudi, bila wimbo kupotea. "Kijana, chupa isikimbie," mzee alikuwa akimwambia, na hilo ndilo somo la muziki nililolisikia mara nyingi kuliko lolote. Mimi nilipoanza kushika nyimbo, rafiki yangu alihamia kwangu. Nilipiga, naye akawa chini ya kila nilichopiga.

Mwishoni mwa Januari 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, familia ya rafiki yangu ilipanda lori kwenda magharibi. Walikuwa na magodoro, kuku wawili katika kikapu, na gitaa limefungwa kwa shuka. Sina la kuongeza juu ya siku ile ambalo watu wa Bonde la Ufa hawalijui. Walifika salama. Hawakurudi kuishi.

Nilichogundua baadaye ni kwamba sikuweza tena kupiga omutibo. Vidole vilijua njia, lakini kila wimbo ulisikika mtupu, nami nilikuwa nikiharakisha, kwa sababu hakuna aliyenizuia. Nikaacha. Nikaingia katika kazi iliyokuwa na pesa kidogo, ile ya gitaa la mtu mmoja: mugithi wa baa na harusi za Nakuru, gitaa la umeme begani na mashine ya ngoma miguuni. Enzi hizo Mike Rua alikuwa ameshafungua njia, na kila kijana mwenye gitaa alitaka kupita humo. Tulipiga nyimbo za Joseph Kamaru na za Daniel Kamau, na kati yake tukaingiza Kenny Rogers, maana watu wetu wanampenda. Ni kazi ya heshima na ilinisomeshea wadogo zangu. Lakini mashine haimsikilizi mtu. Ukichelewa kwa makusudi, kwa ajili ya neno moja la huzuni, inakuacha.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shambani lilipasuka kule Solai baada ya mvua kubwa, maji yakashuka kijiji cha Nyakinyua na kuua watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto. Wiki zilizofuata zilikuwa za matanga, nami niliitwa mara kadhaa kukaa na gitaa la boksi pembeni ya hema, nipige taratibu watu wanapoketi. Nilipiga nilichokuwa nacho, yaani mapambio na nyimbo za kale, zote za meja, C na F na G. Hakuna aliyelalamika. Gitaa kavu yetu ina mazoea hayo: maneno yanalia na nyuzi zinachangamka, na kwa miaka mingi nimeamini kwamba huo ni ujasiri mkubwa wa muziki huu. Ila pale, nikiwa nimekaa karibu na mama ambaye hakuwa anasikia chochote, uchangamfu ule ulinishinda mikononi. Nilitaka nyuzi zenyewe ziwe na huzuni, hata kama hakuna anayeimba. Mikao ya maina, ile yenye huzuni, nilikuwa naijua kama kila mpiga gitaa wa kanisani anavyoijua: vyumba vya kupitia ukienda kwingine. Sikuwahi kukaa humo.

Ndipo nilipoigeukia bluzi ya maina. Niliijua kwa sikio kutoka redioni, wimbo mmoja hasa, "The Thrill Is Gone" wa B.B. King, ambao Roy Hawkins aliutoa mwaka 1951 na King akaufanya wa dunia nzima mwaka 1969. Septemba 1974 King alikuja nao Kinshasa kwenye tamasha lililoandaliwa pamoja na pigano la Ali na Foreman. King aliupiga katika B maina, na bendi nzima nyuma yake. Mimi nilikuwa na boksi moja na simu yenye bando la usiku, kwa hiyo niliushusha hadi A maina, mahali ambapo nyuzi za tano, nne na sita zikiachwa wazi zinatoa besi ya mikao mitatu mikuu bila mkono wa kushoto kuhangaika.

Umbo lake ni fupi. Vipimo 12, kisha unaanza tena. Vinne vya kwanza unakaa A maina, viwili D maina, viwili unarudi A maina. Kipimo cha tisa unapanda F, cha kumi unashuka E saba, na viwili vya mwisho unatua nyumbani. Uchungu wote uko katika vile vya tisa na kumi. F inafungua kama kwamba mambo yatakuwa mema, kisha E saba inaingia na G yake iliyopandishwa nusu hatua, wakati wimbo wenyewe juu bado una G ya kawaida, na sauti hizo mbili zinakwaruzana. Nilikaa juu ya mkwaruzano huo jioni nyingi sana. Katika miaka yote ya C na F na G sikuwahi kuruhusu sauti mbili zisikubaliane na niziache hivyo hivyo.

Lakini bluzi ya mtu mmoja bila mwendo ni mnung'uniko tu. Nilirudi pale pale nilipoachia omutibo: nakimbia, hakuna wa kunishika. Mashine sikutaka kuiwasha. Kwenye simu nilikuwa nimeona wapigaji wa mbali wanaogonga gitaa huku wakilicheza. Baadhi yao huligeuza boksi kuwa ngoma kamili kwa viganja na vifundo, na kwangu mengi ya hayo ni sarakasi. Nilichokitaka ni kimoja tu, kile cha kidole gumba.

Hufanywa hivi. Mapigo ni manne. La kwanza na la tatu, gumba linavuta besi. La pili na la nne, ubavu wa gumba lile lile, pale kwenye kifundo, unaangukia nyuzi ya sita na ya tano karibu na tundu la gitaa. Nyuzi zinagonga vyuma vya shingoni, zinatoa "tak" kavu, na gumba linabaki limezilalia zinyamaze hadi pigo linalofuata. Wakati huo huo, bila kungoja, vidole vya shahada na kati vinavuta wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Mkono unaogonga na mkono unaoimba ni mkono mmoja. Mwanzoni kila gumba lilipoanguka vidole vilishtuka, wimbo ukakatika. Ilibidi niache mkono wa kushoto kabisa, nifunike nyuzi zote kwa kitambaa, na nipige kavu: besi, tak, besi, tak, polepole kiasi cha kuchosha, mpaka kiganja kikaacha kufikiri. Ngozi ya ubavu wa gumba ilichubuka ikaota sugu. Ninayo mpaka leo, na ni sugu mahali ambapo gitaa la zamani halikuwahi kunipa.

Siku iliyonifunulia jambo sikuwa nafanya zoezi lolote. Nilikuwa napiga tu A maina yangu, nikaona kidole cha mwisho, kile ambacho mzee wa Khwisero alikuwa akikikunja, kinagusagusa ubao wa mbele kwa kucha, katikati ya mapigo ya gumba. Mkwaruzo mrefu, kisha mapigo mawili mafupi. Ulikuwa mwendo wa chupa. Sikuufundishwa na mtu yeyote kwenye simu. Ulikuwa umelala mkononi tangu utotoni, na gumba lilipopata nguvu ya kushika pigo la pili na la nne, ukaamka kujaza nafasi iliyobaki.

Bluzi yangu ilibadilika hapo. Iliacha kuvuta miguu. Ilibaki na huzuni yake ya vipimo vya tisa na kumi, lakini chini yake kulikuwa na mtu anayetembea.

Wapo wanaoniambia kwamba hizi ni nyimbo za Wamarekani na sisi tuna zetu. Nawajibu kwamba katika Bonde hili njia hiyo ilishapitwa zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet wakimwimbia Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, na huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika kwenye vilima vya Kericho. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933. Nyimbo zake nyingi zilisimama juu ya vipimo 12 vya bluzi, alivyovipata kwa Weusi wa reli. Wasichana wale hawakuomba ruhusa. Waliichukua sauti wakaifanya yao, na kinubi cha nyuzi kikawafuata. Naye Skip James, aliyerekodi "Devil Got My Woman" mwaka 1931 huko Grafton, Wisconsin, alifunga upya nyuzi zake mpaka gitaa zima, hata bila kidole shingoni, likalia mkao wa maina. Nikimsikiliza namsikia mtu aliyekaa peke yake muda mrefu na ala yake. Sihitaji pasipoti kumwelewa.

Mwaka juzi nilijirekodi nikamtumia rafiki yangu, ambaye sasa ana duka la vipuri vya pikipiki kwao. Alinipigia usiku ule ule.

"Nani huyo anakupigia chupa?"

"Hakuna mtu. Ni mkono."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nirudie asikilize tena nikiwa kwenye simu, na akaanza kugonga kitu mezani kwake. Mtandao ulikuwa ukimchelewesha nusu pigo. Tulijaribu vivyo hivyo mpaka mkewe akamwita alale.

Siku hizi nafundisha vijana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Magitaa ni manne, wanafunzi ni zaidi ya hapo, na wanaosubiri zamu nimewapa funguo na vijiko wawagongee wenzao, kwa maana sitaki yeyote aanze peke yake kama nilivyoanza mimi upya. Tatizo letu kubwa limekuwa F. Ukizibana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja, gumba la kulia linapoanguka hutoa sauti nzito yenye noti ndani yake, na ile "tak" haisikiki. Nimehangaika nalo sana. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mwenye viganja vidogo, alishindwa kabisa kuibana, akaamua kushika nyuzi tatu tu, ya nne, ya tatu na ya pili, akaziacha mbili nene kabisa, ya sita na ya tano, zikiwa zimefunikwa kwa ncha ya gumba la kushoto. Besi ya F ikaja kwenye nyuzi ya nne, nyembamba na ya juu. Gumba lake la kulia likaangukia nyuzi mbili zilizokwisha kuzimwa, na "tak" ikatoka safi kuliko yangu. Kisha akashuka E saba, nyuzi ya sita ikiwa wazi, na ule uzito wote ulioachwa nje ya F ukaingia kwa mara moja.

Nilimwomba arudie, wengine wakasogea. Sasa sote tunaipiga hivyo, nami pia, na wiki hii ameanza kutafuta namna ya kuhamishia mkao huo kwenye D maina.