Siki ya Kikuubo

Nilitumwa Kikuubo kununua waya sita za kuchajia tableti, na memori kadi. Nikarudi Nakivale na waya mbili na katoni ya siki. Kwa kuwa wengi mmesikia nusu ya habari hiyo, heri niieleze mwenyewe.

Tableti za kituo chetu cha vijana zina Kolibri, programu inayofanya kazi bila intaneti, na ndani yake kuna majaribio ya PhET, mradi ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mwaka 2002. Siyadharau hata kidogo. Mimi kemia nilisoma Kongo kwa Kifaransa, mwalimu akichora chupa ubaoni kwa chaki, basi. Hapa kijana anachagua maziwa, kahawa, hata mate na matapishi (kicheko hakikosi), na pH inatokea: maziwa 6.5, matapishi 2. Hiyo hawasahau.

Shida niliiona kwenye jaribio la kusawazisha milinganyo. Ukipatia, kinatokea kiuso kinachotabasamu. Kuna msichana wa Senior Three aliyekuwa anamaliza kabla ya wote. Siku moja nikakaa nyuma yake. Kumbe anabonyeza tu! Naitrojeni moja, hidrojeni mbili, tatu, amonia mbili, mpaka kiuso kicheke. Nikampa karatasi na kalamu. Akaniangalia.

“Kaka, sasa nitajuaje kama imekubali?”

Sikuwa na jibu. Mtihani wa UCE una karatasi ya vitendo, na mle hamna kiuso. Bureti ameiona mara moja, mkononi mwa mwalimu, yeye akiwa amesimama nyuma ya wenzake.

Hilo swali nilikuwa nalo kichwani pale Kikuubo, njia nyembamba ile, wapagazi wanakusukuma na katoni mgongoni. Muuza duka akasikia Kiswahili changu cha Kivu, akaniita, “Karibu Mukongo!” Nyuma yake siki imepangwa hadi darini. Nikaomba chupa moja.

“Hapa ni jumla, kaka.”

Nikasimama na pesa mkononi. Pesa za vifaa vya kidijitali, ndivyo bajeti inavyosema, na nyinyi wa mashirika mnajua bajeti ikishaandikwa inakuwaje. Mpagazi akanifokea nimpishe. Nikalipa katoni, nikaongeza baking soda na hibiskasi kavu ile ya chai.

Jumamosi tuliloweka hibiskasi, maji yakawa mekundu. Tukapima siki kidogo ndani ya glasi, tukaongeza maji na rangi yetu. Maji ya baking soda tukayavuta kwa bomba za sindano mpya za mililita 10, bila sindano zenyewe. Yule msichana akasukuma kwa nguvu, povu likapanda, likamwagika mezani. Akaniangalia tena. Nikanyamaza.

Akaosha glasi, akaanza upya, tone kwa tone, ulimi nje. Wekundu ukageuka buluu chafu. Akaandika 8. Akarudia: 7 na nusu. Akarudia tena: 7 na nusu. Hapo akaweka bomba chini.

“Hizi mbili zinafanana,” akasema. “Ile ya kwanza naiacha.”

Mratibu wangu bado hajaamua kama pesa nitazirudisha. Tableti nne hazina waya hadi leo. Risiti ninayo.