Negativu Tatu kwa Kila Picha

Riziki yangu yote imetoka kwenye picha. Nilianza ujanani Korogwe, katika studio ndogo ya Manundu, nikipiga pasipoti za walimu, wanafunzi na vibarua wa mashamba ya mkonge. Siku za gulio nilipanda basi kwenda Handeni, nikapiga picha Chanika, kisha nikarudi na mikanda kuisafisha Korogwe. Sababu ilikuwa maji. Mradi wa maji uitwao HTM huchota maji Mto Pangani upande wetu na kuyasukuma hadi Handeni, lakini mabomba ya kule yalikauka mara kwa mara na kina mama wakashinda kwenye foleni za ndoo. Sikuthubutu kumwaga maji ya kuoshea picha mbele ya mtu aliyeyatafuta tangu alfajiri.

Uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 uliniongezea kazi. Fulana na vitambaa vya kampeni vilitakiwa kila upande, nami nikajifunza kuchapa kwa skrini: kitambaa laini kinawambwa kwenye fremu na kupakwa gundi iliyochanganywa na baikromati. Kemikali hiyo ndiyo yenye siri. Mwanga wa jua ukiifikia, gundi hugangamaa na haiyeyuki tena. Palipokingwa na filamu nyeusi, gundi hubaki laini na huondoka kwa maji. Kwamba baikromati huhisi mwanga kumejulikana tangu 1839, kwa majaribio ya Mungo Ponton wa Scotland.

Miaka hiyohiyo wateja walianza kuniletea picha za rangi za zamani zilizogeuka nyekundu. Rangi za karatasi zile huvunjika taratibu hata sandukuni, na samawati ndiyo hutangulia kupotea. Bibi mmoja wa Handeni alinikabidhi picha ya harusi yake. Nilimwamkia, akaitikia, akasema: "Mwanangu, kanga hii ilikuwa ya buluu. Nirudishie buluu yangu, na uikuze niitundike sebuleni."

Kazi ya kutenganisha rangi ilianzia hapo. Picha niliibandika ukutani, pembeni yake karatasi yenye ngazi za kijivu, kamera imekazwa kwenye stendi. Nikaipiga mara tatu bila kusogeza chochote: kwa kichujio chekundu, cha kijani, kisha cha buluu, njia aliyoionyesha James Clerk Maxwell jijini London mwaka 1861. Filamu ya kazi hii ni ya nyeusi na nyeupe inayohisi rangi zote, hivyo husafishwa gizani kabisa. Hata taa nyekundu huiunguza. Negativu ya kichujio chekundu huchapa samawati, ya kijani huchapa majenta, ya buluu huchapa manjano. Ngazi za kijivu ndizo hakimu: zisipolingana katika negativu zote, picha nzima hulalia rangi moja. Negativu ya buluu kwa kawaida hutoka hafifu, kwa hiyo huachwa kwenye dawa muda mrefu zaidi. Kwa picha ya bibi niliuvunja ulingano huo makusudi, nikaiongezea muda na ile ya kichujio chekundu, kwa kuwa samawati yake ndiyo iliyofifia. Dawa inataka nyuzi 20, na joto la Korogwe mchana hupita 30. Nilifanya kazi usiku, chupa za dawa zikiwa ndani ya beseni la maji ya mtungi.

Nilichapa kwa gundi ya mgunga, ambayo haichapiki kwa taa ya mashine ya kukuzia. Inataka jua, na negativu yenye ukubwa uleule wa picha. Niliilaza mashine ubavu, nikatupa mwanga ukutani juu ya filamu ya sentimita 50 kwa 60, nikapata positivu. Nikaibana juu ya filamu nyingine, nikapata negativu kubwa. Kwa rangi tatu, ni filamu kubwa sita kwa picha moja.

Karatasi nzito niliichovya kwanza kwenye maji ya moto na kuianika, imalize kusinyaa kabla ya kazi, kisha nikaipaka jelatini. Nikachanganya gundi, rangi ya maji ya wachoraji na baikromati, nikapaka, nikaianika gizani, nikaitoa juani chini ya negativu na kioo. Pini za pembeni zilirudisha kila negativu mahali palepale. Kisha karatasi ilielea kwenye beseni uso chini, rangi isiyogangamaa ikadondoka yenyewe. Manjano, ikauke, majenta, ikauke, samawati mwisho.

Baikromati ni sumu: huchimba vidonda kwenye ngozi na yaweza kuleta saratani. Vijana niliowafundisha hawakuishika bila glavu, na mabaki yake tuliyahifadhi kwenye pipa yasifike Mto Pangani, maana Handeni wanaunywa.

Bibi alipoiona picha yake, aliwataja mmoja mmoja waliosimama nyuma yake siku ile.

Mpiga picha Prokudin-Gorsky aliipiga picha nchi ya Urusi kwa vichujio vitatu kama vyangu kabla ya 1917. Sahani zake za kioo, zilizonunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1948, bado zinatoa rangi zake, kwa sababu ndani yake hamna rangi ya kufifia. Mna fedha nyeusi tu. Ndiyo maana simpi mteja picha peke yake. Humpa na negativu zake tatu, kila moja imeandikwa rangi inayochapa. Picha yaweza kuliwa na mchwa. Mjukuu mwenye negativu, gundi na jua ataichapa upya. Watu wa Handeni na Korogwe wamepigwa picha nyingi, zimewabakia chache. Wana haki ya kurithisha rangi walizovaa.