Kava la Mkanda wa Taimingi Si Urembo: Usilichukue Gari Lako Gereji Bila Kava

Leo chanjo ya kideri na dawa za minyoo zitasubiri kidogo. Nataka tuzungumzie gari linalobeba mayai yako, chakula cha kuku wako na mboga zako, kwa sababu gari likilala gereji wiki mbili, banda nalo linalala njaa.

Mimi ni bwana mifugo, si fundi wa magari. Lakini kazi ya ugani hapa Kurasini inanikutanisha na wafugaji wengi wanaotegemea gari moja kuukuu, na nimeona jambo moja likijirudia. Boneti ikifunguliwa, unauona mkanda wa taimingi uko wazi mbele ya injini, hauna kava. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Fundi amesema haina shida, ni urembo tu."

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mivinjeni, mwenye kuku wa mayai kama mia sita, aliniuliza akiwa na Hilux lake la dizeli limetoka gereji.

"Bwana mifugo, eti kava hili halina kazi?"

Nikamwambia, "Mama, tuzime injini kwanza, kisha tuangalie pamoja."

Fundi wake hakuwa na nia mbaya. Kava lilikuwa limepasuka, na matundu mawili ya bolti yalikuwa yamekwisha uzi, basi akaliweka kando. Gari likawaka, likatembea kama kawaida. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kava halihusiki na kuwaka kwa injini. Kazi yake ni kuzuia vitu visiufikie mkanda, na siku ambayo hakuna kilichoingia, utaliona kama halina faida.

Tuelewe mkanda wenyewe. Ni wa mpira wenye nyuzi imara ndani yake, na una meno. Unaunganisha kranki shafti, inayosukumwa na pistoni, na kemu shafti, inayofungua valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kemu inazunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde. Mkanda ukiruka jino moja tu, mpangilio unaharibika na gari linakosa nguvu. Ukikatika, kemu inasimama lakini pistoni bado zinapanda. Kwenye injini ya dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo sana, kwa hiyo zinagongana. Valvu zinapinda, na kazi ya kubadilisha mkanda inageuka kazi ya kushusha silinda hedi. Zipo injini za petroli ambazo huzimika tu bila kugongana, lakini hata hapo, fikiria injini inazimika ghafla Barabara ya Mandela, nyuma yako lori la kontena, usukani na breki vimekuwa vizito.

Sasa ni nini kinachoweza kuufikia mkanda ulio wazi?

Cha kwanza ni feni beliti, ile inayozungusha alteneta. Ikizeeka inachanika nyuzi, na nyuzi hizo zikivutwa kwenye mkanda wa taimingi zinajisokota kwenye puli na kuurusha meno. Kwenye Hilux la yule mama tulikuta uzi wa feni beliti unaning'inia karibu kabisa na mkanda. Hakuwa ameambiwa.

Cha pili ni mchanga na kokoto. Wanaoishi huku wanajua malori ya bandarini yanavyotimua vumbi, na njia za ndani za mitaani hazina lami. Kokoto moja ikiingia kati ya mkanda na puli inaweza kukata nyuzi za ndani usione kitu kwa nje.

Cha tatu ni oili na maji. Oili inauvimbisha mpira na kulainisha meno. Maji ya madimbwi wakati wa masika yanarusha matope hadi kwenye puli na kuziharibu bearingi.

Cha nne ni sisi wenyewe. Mkono wa shati, ncha ya khanga au kidole cha mtoto anayechungulia boneti likiwa wazi na injini inaunguruma. Kila mwenye mashine ya kusaga anajua mkanda usio na kinga haubagui mtu.

Utasikia kwamba magari ya mashindano huendeshwa bila kava. Ni kweli yapo, lakini injini hizo hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Gari lako linafunguliwa likigoma.

Basi fanya hivi:

1. Jua gari lako lina nini. Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, Corolla 110 ya 5A-FE, na Noah na RAV4 za zamani za 3S-FE zina mkanda. IST na Vitz zina cheni inayozunguka ndani ya oili, na kava lake ni la chuma. Hilo haliwezi kuachwa wazi, oili yote itamwagika.

2. Kabla ya kulipa, fungua boneti. Muulize fundi: "Kava la juu liko wapi? Na la chini umelirudisha?" La chini liko nyuma ya puli ya kranki, ndiyo maana ni rahisi kulisahau. Kwenye injini nyingi za petroli za Toyota kava hilo ndilo lenye alama za kusetia taimingi. Likipotea, fundi wa kesho atakisia.

3. Kava likipasuka, tafuta la mtumba lenye namba ya injini yako, Gerezani au Ilala. Nenda na la zamani mkononi. Matundu yaliyokwisha uzi yanaweza kuchongwa upya.

4. Usizibe kwa katoni, gunia, gundi ya karatasi wala kipande cha bati. Vikilegea, vyenyewe ndivyo vitakavyovutwa ndani.

5. Ukikuta oili kwenye mkanda, badilisha sili inayovuja pamoja na mkanda. Kuufuta kwa kitambaa hakutoshi.

6. Wakati unasubiri kava, usioshe injini kwa mashine ya presha, usipite kwenye maji yaliyotuama, na kagua feni beliti kila wiki.

7. Magari mengi ya Toyota yenye mkanda hubadilishwa mkanda kwenye kilomita 100,000. Kama umenunua la mtumba na huna kumbukumbu, badilisha mapema, kisha andika tarehe na kilomita, ubandike ndani ya boneti.

Yule mama alinunua kava la mtumba kwa mauzo ya mayai ya siku mbili, na fundi yule yule akalifunga pamoja na feni beliti mpya. Kijana hakukasirika, alitaka tu mteja aseme kwamba anataka kazi ikamilike. Nawe sema mapema, kabla gari halijafungwa.