Umbo la Plagi Si Nguvu ya Umeme

Sisi wakazi wa Kikwe hatuko mbali sana na kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, na siku hizi si ajabu kumsindikiza kijana anayekwenda masomoni Marekani au kazini Oman. Wala si ajabu kumpokea ndugu anayerudi na sanduku lililojaa vyombo vya umeme. Zawadi hizo hupokelewa kwa vigelegele. Linalosahauliwa ni kwamba umeme wa nchi moja si lazima uwe sawa na wa nchi nyingine.

Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni volti 230, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Japani ni volti 100. Mashariki mizunguko 50, magharibi 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo yake Ujerumani, na Osaka ikanunua Marekani.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Pasi iliyotengenezwa kwa volti 120, ikichomekwa kwenye umeme wetu, huvuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyopimiwa, nayo huungua kabla shati halijanyooka. Birika letu nalo, likipelekwa Marekani, hupata kama robo tu ya nguvu yake, na mwenye kungoja chai atangoja sana.

Mwaka fulani mtoto wa dada yangu alirudi kutoka Marekani na mashine ya kuvutia dawa ya pumu, aliyomnunulia bibi yake kwa akiba ya miezi mingi. Usiku huohuo mama alibanwa na kifua, na kila mtu akataka mashine ichomekwe upesi. Nikaigeuza nikasoma kibandiko chake: 120 V, 60 Hz. Binti akaniambia, "Lakini mjomba, adapta ninayo." Nikamweleza kuwa adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti huziacha vilevile. Transfoma hushusha volti, lakini haibadilishi mizunguko, na mota iliyoundwa kwa mizunguko 60 yaweza kupata joto kupita kiasi kwenye 50. Mama alipelekwa hospitali usiku ule, na baadaye tukanunua mjini Arusha mashine ya volti 230. Binti alisikitika, lakini nani angependa mashine ya pumzi izimike mgonjwa akiitegemea?

Kuna desturi nyingine niionayo katika nyumba nyingi. Plagi ya miguu miwili ikikataa kuingia katika soketi yetu ya matundu matatu, mtu huchukua kalamu akaisukuma katika tundu la juu. Ndugu msomaji, tundu hilo ni la waya wa ardhi, na mguu mrefu wa plagi ndio uliopewa kazi ya kufungua vifuniko vya matundu ya chini, ili kidole cha mtoto au msumari usifike penye umeme. Aidha, chombo chenye bati la nje kinachohitaji waya wa ardhi hukosa kinga yake kikichomekwa hivyo, na kikipata hitilafu chaweza kumrusha au kumwua anayekigusa.

Basi, anayefunga safari na asome kwanza kibandiko. Kikiandikwa 100-240 V, 50/60 Hz, kama zilivyo chaja nyingi za simu, adapta yatosha. Kikitaja volti moja tu, alinganishe na za nchi aendako. Uingereza, Oman, Kenya na Uganda hutumia plagi ya miguu mitatu bapa kama yetu. Afrika Kusini volti ni 230 vilevile, ila soketi nyingi ni za miguu mitatu minene ya mviringo. Anayehitaji transfoma na achague yenye wati nyingi kuliko za chombo chenyewe, na akumbuke kwamba mizunguko haitabadilika.

Na sisi tunaopokea zawadi tusione haya kuuliza kabla ya kununuliwa. Ndugu aliye ughaibuni hujinyima ili atutumie kitu. Kumwandikia mapema kwamba umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50 si utovu wa shukrani, bali ni kuilinda fedha yake na uhai wa walio nyumbani.