Kasi ya Lebo na Kasi ya Mashine

Wahenga walituasa tusimlaumu dobi, kwani kaniki ndiyo rangi yake. Muhula uliopita nusura mwenzangu wa darasani amwite muuzaji mmoja wa jijini mwizi, kisa na maana tarakimu. Alikuwa amedunduliza pesa za matumizi kwa miezi kadhaa, akanunua vibao viwili vya kumbukumbu ya tarakilishi (wapo wanaosisitiza ngamizi, sina ugomvi nao) vyenye lebo ya 3200. Alipovipachika na kufungua programu ya CPU-Z, aliona 1066. Theluthi!

"Nimeibiwa mchana peupe, ndugu yangu," alilalama.

Nilimsihi tuisome mashine kwanza kabla ya kumhukumu binadamu. Kumbukumbu za aina ya DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo la saa ya mashine. Programu ile huhesabu mapigo, ilhali lebo huhesabu mapitisho. Kwa kipimo cha lebo, basi, 1066 ile ilikuwa 2133. Theluthi ikawa theluthi mbili, na hasira za mwenzangu zikapungua kwa kadiri iyo hiyo.

Je, kiasi kilichosalia kilikwenda wapi? Ndani ya kila kibao mna chipu ndogo inayohifadhi maelezo ya kasi zake. Vibao hivi vilikuwa na kasi ya kawaida ya 2133, inayofuata viwango vya JEDEC, na hiyo ndiyo mashine huishika ili iwake salama. Ile 3200 iliyopamba lebo ilikuwa imewekwa kando, katika mpangilio uitwao XMP ulioasisiwa na Intel, nayo haitumiki mpaka mwenye mashine aingie katika bayosi aichague. Tuliichagua, tukawasha upya. 2666. Wala haikusogea tena.

Ndipo tulipofungua kifuniko. Vibao vilikuwa vya aina moja, jambo la heri, maana chepesi kikichanganywa na kizito vyote hufuata mwendo wa kizito. Kilichosalia kushukiwa ni prosesa: Core i5-10400 ya mwaka 2020, ambayo Intel yenyewe iliikadiria kumbukumbu ya 2666, juu ya bodi ya daraja la B460 isiyoruhusu mpaka huo uvukwe.

Muuzaji, kwa hivyo, aliuza kilichoandikwa. Hata hivyo simtakasi kabisa. Mwenzangu alikuwa amemtajia prosesa na bodi yake kabla ya kulipa, naye akanyamaza na kupokea pesa.

Jumamosi mwenzangu alirudi dukani, yale matusi aliyokuwa ameyaandaa akiwa ameyaacha bwenini. Aliomba abadilishiwe vibao, apewe vya 2666 na arudishiwe tofauti ya bei. Baada ya mjadala mrefu, alirudishiwa nusu yake.